Kilichomo Mkobani: Njia Nyingine ya Kumjua Mwanafunzi

Wilaya ya Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, ina visiwa 38, na Nansio, makao yake makuu, ni mji ambao watu huingia na kutoka kwa maji. Samaki wakiadimika upande mmoja, mvuvi hukunja nyavu zake akahamia mwalo mwingine, na mara nyingi familia humfuata. Mtoto aliyekuwa darasa la nne Ukara au Irugwa hujikuta katikati ya muhula amekaa kwenye dawati la shule ya Nansio, kati ya wenzake asiowajua. Uhamisho wake hupitia mfumo wa PREM wa Baraza la Mitihani la Tanzania, kwa hiyo mwalimu mpya anapata jina, namba na darasa. Akibahatika anapata na ripoti ya muhula uliopita: Kiswahili 61, Hisabati 38.

Hiyo 38 inampa mwalimu kazi ya kubahatisha. Huenda mtoto hajui kuzidisha. Huenda anajua, ila swali la maneno humchanganya kabla hajafika kwenye hesabu yenyewe. Huenda siku ya mtihani alikuwa na malaria. Mwalimu ataanza kuchimba upya, na mpaka aje agundue tatizo liko wapi, muhula umekwisha.

Tuseme sasa mtoto huyo amekuja na bahasha ya kaki. Ndani yake kuna karatasi ya Februari yenye swali: ndoo 14 za dagaa, kila ndoo shilingi 18,000, ni shilingi ngapi? Mtoto amejibu 222,000. Jibu sahihi ni 252,000. Kwenye mtihani hapo ni mkasi na sifuri. Lakini njia yake imeonekana yote: alizidisha 8 kwa 4 akapata 32, akaandika 2, kisha akasahau kuijumlisha ile 3 aliyoibeba. Karatasi ya Mei ina kosa lilelile. Ya Agosti haina. Nyuma yake mtoto ameandika kwa mkono wake kwamba siku hizi anaiandika namba ya kubeba pembeni ili asiisahau. Kwa dakika kumi mwalimu wa Nansio amejua mambo ambayo ripoti ya muhula isingemwambia: mtoto huyu anaelewa kuzidisha, alikuwa na kosa moja, na amelipatia dawa mwenyewe.

Bahasha hiyo ndiyo mkoba wa kazi za mwanafunzi, ambao wengine huuita potifolio.

Kuchagua, siyo kulundika

Mkoba usichukuliwe kuwa gunia la kutupia kila karatasi. Kinachoutofautisha na rundo la madaftari yaliyokwisha ni uchaguzi. Katika mwezi mwanafunzi hufanya kazi nyingi. Mwisho wa mwezi anazipitia, peke yake au na mwenzake wa dawati, anatoa mbili au tatu za kuhifadhi. Moja inaweza kuwa ile anayojivunia. Nyingine iwe ile iliyomshinda mwanzoni, akairudia. Kila moja huandikwa tarehe, kwa sababu kazi isiyo na tarehe haiwezi kuonyesha safari. Kisha mwanafunzi anaongeza sentensi moja au mbili: kwa nini ameichagua, amejifunza nini, wapi bado panamsumbua. Mtoto wa darasa la kwanza ambaye kuandika bado ni kibarua husema kwa mdomo, mwalimu akamwandikia.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo walimu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Mtihani humwambia mtoto amekuwa wa ngapi kati ya wenzake. Mkoba humrudisha kwenye kazi yake mwenyewe ya miezi mitatu iliyopita. Mtoto aliyezoea kuwa wa 57 katika darasa la watu 60 hajawahi kupewa sababu ya kuamini kwamba anasonga mbele. Akiweka insha yake ya Machi kando ya ile ya Septemba, anaona kwa macho yake kwamba ile ya kwanza haikuwa na nukta hata moja, na hii ya pili ina aya tatu zenye mwanzo na mwisho.

Vitu vya kuweka mkobani havikosekani Ukerewe. Katika somo la Sayansi wanafunzi wanaweza kulinganisha dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja, wakaandika kila siku hali ya hewa, rangi na harufu, mwisho wakaeleza wapi walikauka vizuri na kwa nini. Katika Jiografia na Mazingira kila kundi linaweza kupima mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa na kutunza jedwali la mwezi mzima. Bei za sokoni Nansio, za muhogo, machungwa na sato, hutoa hesabu za asilimia na grafu bila kufungua kitabu. Na katika Kiswahili, kisiwa cha Ukerewe ndicho kilichomtoa Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House zaidi ya miaka 30 baadaye. Masimulizi ambayo mwanafunzi ameyachukua kwa bibi yake, yakaandikwa rasimu, yakasahihishwa na kunakiliwa upya, ni kazi ya mkoba hasa. Rasimu isitupwe, iwekwe pamoja na nakala safi.

Walio nje ya shule za msingi wanaufahamu utaratibu huu kwa sura nyingine. Chuo cha Ualimu Butimba, jijini Mwanza, kinajulikana kwa kuandaa walimu wa sanaa, muziki na michezo, na katika fani hizo kazi za mtu ndizo humsemea. Mwalimu mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Murutunguru, huko huko Ukerewe, anapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba jalada lenye maazimio ya kazi na maandalio ya somo, na mkufunzi huomba kuliona kabla hajaingia darasani. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani: seremala au mwashi asiye na cheti hupimwa kwa anachoweza kukifanya na kwa ushahidi wa kazi zake, akifuzu anapewa cheti. Mwalimu na fundi wamekubalika kupimwa kwa kazi za mikono yao. Aliyebaki kupimwa kwa karatasi ya saa mbili ni mtoto.

Deni la Azimio la Musoma

Malalamiko dhidi ya mtihani mmoja unaoamua kila kitu ni ya siku nyingi Tanzania. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kuwa mitihani ya wakati ule ilipima uwezo wa kukariri, ikaacha kupima uwezo wa kufikiri, tabia na utayari wa kutumikia. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, kwenye ufuko wa ziwa hilihili, ikatoa azimio lililotaka uzito wa mtihani wa mwisho upunguzwe, na kazi pamoja na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe. Kuanzia 1976 maendeleo ya shuleni yakachukua nusu ya alama za mtahiniwa wa sekondari, mtihani wa mwisho ukachukua nusu nyingine.

Nia ilikuwa njema, utekelezaji ukapinda. Badala ya shule kukusanya ushahidi wa aina mbalimbali, maendeleo yaligeuka majaribio: jaribio la mwezi, la nusu muhula, la muhula, na mtihani wa utamirifu kabla ya ule wa taifa. Mwanafunzi akawa anafanya mitihani midogo mingi mahali pa mmoja mkubwa. Na kwa kuwa alama hizo zilikuwa na uzito, shule zilikuwa na sababu ya kuwa na mkono mwepesi wa kuzigawa. Leo, kwa mtahiniwa wa shule, alama za maendeleo huchangia asilimia 30 na mtihani wa mwisho asilimia 70.

Mitaala iliyoboreshwa mwaka 2005 ilihama kutoka kwenye maarifa ya kukariri kwenda kwenye umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya jambo, asiishie kulitaja. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, umesisitiza mwelekeo huohuo. Mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania inataja mkoba wa kazi miongoni mwa zana za upimaji, pamoja na kazi mradi, orodha hakiki na maswali ya ana kwa ana. Kwa maneno mengine, mwalimu wa Nansio anayetaka kuanzisha mikoba hahitaji kibali cha mtu. Imo tayari kwenye muhtasari alioupokea.

Majirani wamekwenda mbali zaidi. Kenya, kwenye upimaji wa mwisho wa shule ya msingi ulioanza 2022, kazi zilizopimwa shuleni katika gredi ya 4, 5 na 6 hubeba asilimia 60, na mtihani wenyewe asilimia 40. Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini mwaka 2020, na watahiniwa wa kwanza walipomaliza mwaka 2024, kazi za shuleni zilihesabiwa asilimia 20. Nchi hizo mbili zimeonyesha kwamba inawezekana. Zimeonyesha pia mahali panapouma: wazazi wa Kenya wamelalamikia gharama za kuchapisha picha na kununua vifaa vya kazi za watoto, na usiku wanaokesha wakizifanya kazi hizo wao wenyewe.

Pale Marekani ilipojikwaa

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, jimbo la Vermont nchini Marekani liliamua kupima wanafunzi wa darasa la nne na la nane kwa mikoba ya insha na hisabati. Mwaka 1992 taasisi ya utafiti ya RAND ilichunguza alama zilizotolewa, ikakuta walimu wawili wakiusahihisha mkoba mmoja walitofautiana mno kiasi kwamba alama hizo hazikufaa kulinganishia shule moja na nyingine. Uchunguzi huohuo, hata hivyo, ulikuta walimu wameanza kufundisha kwa namna tofauti: mazoezi mengi zaidi ya kuandika, mafumbo mengi zaidi ya hisabati, muda mwingi zaidi wa wanafunzi kueleza walivyofikiri.

Mambo hayo mawili yanafaa kuwekwa kando kwa kando. Mkoba ulikuwa dhaifu kama mizani ya kupangia shule, ukawa na nguvu kama chombo cha kufundishia. Kosa lilikuwa kuupa kazi mbili kwa wakati mmoja. Alama za mkoba zikianza kuamua nani aende sekondari ipi, kila mtu anapata sababu ya kuupamba: mwanafunzi, mzazi, hata mwalimu mwenyewe. Ukibaki chombo cha mazungumzo kati ya mwalimu na mtoto, hakuna anayefaidika kwa kudanganya.

Ndiyo maana wataalamu wengi hushauri maoni yatangulie alama. Mtafiti Ruth Butler wa Israel alichapisha mwaka 1988 matokeo ya jaribio alilofanya kwa wanafunzi wa shule za msingi. Kundi moja lilirudishiwa kazi zenye alama peke yake, la pili zenye maelezo peke yake, la tatu zenye vyote viwili. Waliopewa maelezo peke yake ndio waliosonga mbele. Waliopewa vyote viwili walifanana na wale wa alama tu, maana macho yalikimbilia namba na maelezo yakaachwa. Kwa mwalimu, funzo lake ni jepesi kulifuata: chini ya insha ya mtoto, "Mwanzo wako unavutia, sasa tueleze huyo mzee alifanya nini baada ya mtumbwi kupinduka" humsaidia mtoto kuandika tena. "13/20" haimpi pa kuanzia.

Darasa la watoto 80

Mwalimu yeyote wa kanda ya ziwa atauliza jambo moja kabla hajamaliza kusoma: muda uko wapi? Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, lakini tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa mengi yameupita mpaka huo kwa mbali. Kwa darasa la watoto 80, dakika tano kwa kila mkoba ni dakika 400, karibu saa saba. Hakuna mwalimu mwenye saa saba za ziada ndani ya wiki.

Hesabu hiyohiyo inawezekana ikigawanywa. Watoto wanane kwa siku, dakika tano kila mmoja, ni dakika 40. Baada ya siku kumi za masomo darasa zima limepitiwa, na mwalimu anazungumza na kila mtoto zaidi ya mara moja kabla muhula haujaisha. Wanane hao huitwa mezani wakati wenzao wanafanya zoezi. Na siyo lazima kuanza na masomo yote: somo moja kwa mwaka wa kwanza linatosha kumfundisha mwalimu mahali penye ugumu.

Vifaa visiwe kisingizio. Bahasha za kaki, karatasi ngumu za boksi zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi wa nyavu, au kurasa za mwisho za daftari zilizotengwa kwa ajili hiyo, vyote hufaa. Kutunza ndiko kunakotaka akili. Mchwa, panya na paa linalovuja humaliza karatasi za muhula kwa usiku mmoja, kwa hiyo sanduku la mbao lililoinuliwa juu ya matofali lina thamani kuliko kabati la chini. Shule zenye simujanja zinaweza kupiga picha kazi zisizohifadhika, kama vile mfano wa mtumbwi wa udongo au kitalu cha miche, na kuziweka kwenye jalada la darasa.

Suala la uaminifu lina dawa ya kale. Kazi za mkobani zifanyike darasani, mbele ya mwalimu, na mtoto aulizwe kwa mdomo: hapa ulifanyaje? Aliyeifanya kazi ataieleza, hata kwa kusitasita. Aliyefanyiwa na kaka yake atakwama kwenye swali la pili. Swali hilo linazidi kuwa la lazima sasa, wakati simu inaweza kumwandikia mwanafunzi wa sekondari insha nzima kabla chai haijapoa.

Walimu pia wanahitaji kukubaliana wanatafuta nini. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yamewaweka walimu kwenye jumuiya za ujifunzaji shuleni na katika kata. Kikao kimoja kinaweza kutumika hivi: kila mwalimu alete mikoba miwili bila majina, wote waipitie kwa orodha hakiki moja, kisha walinganishe walichokiona. Tofauti zitajitokeza, kama zilivyojitokeza Vermont, na kuzijadili kuna manufaa kuliko kuzificha.

Kuna watoto ambao mkoba unawatendea haki zaidi kuliko wengine. Ukerewe ina watu wenye ualbino, na wengi wao wana uoni hafifu. Baraza la Mitihani hutoa karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini majaribio ya kila wiki huandikwa ubaoni, na mtoto anayeshindwa kuusoma ubao hupata sifuri kwa kitu anachokijua. Mkobani kunaweza kuwa na maelezo yake ya mdomo yaliyoandikwa na mwalimu, hesabu alizofanya kwa vizibo, na kazi zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekosa wiki tatu kwa sababu familia ilikuwa kwenye kambi ya uvuvi: karatasi zenye tarehe zinaonyesha aliachia wapi, na mwalimu anaanzia hapo.

Hayo yote hayaondoi mtihani wa taifa. Nchi yenye mamilioni ya wanafunzi inahitaji kipimo kimoja kinachosahihishwa kwa namna moja, na mkoba kwa sasa hauwezi kuibeba kazi hiyo. Nafasi yake ni ile miezi yote kati ya mtihani mmoja na mwingine, ambapo mtoto bado ana muda wa kurekebisha na mwalimu bado ana muda wa kumsaidia. Shule inaweza kuanza muhula ujao kwa darasa moja na somo moja. Na mzazi atakayeitwa kwenye kikao cha wazazi, akishakabidhiwa ripoti yenye namba, asiinuke bado: amwombe mwalimu amwonyeshe kazi za mtoto wake za mwanzo wa muhula na za mwisho, na amwache mtoto mwenyewe aeleze kilichobadilika.